Sura ya Saba: Walalao Ndani ya Kuta

Kwa karibu miaka mia nne Mgiriki hakulala ndani ya mji wa Rhodes. Mchana aliingia kama mtu mwingine yeyote, akauza, akanunua, akafanya kazi yake ya siku, akabishania bei na Mturuki na Myahudi. Jua likielekea kuzama alifunga mzigo wake akatoka, na malango yakafungwa nyuma yake. Nyumba yake ilikuwa huko nje, katika vitongoji vilivyojitenga na handaki la mji. Mji ulijengwa na babu zake, lakini usiku wake ulikuwa wa wengine.

Habari hiyo nilipewa na mama mwenye nyumba niliyofikia, jioni ya kwanza, hata kabla hajanionyesha bafu liko wapi. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu. Mimi nilimwita Kiria, yaani Bibi, kama nilivyosikia majirani wakimwita, naye akaniita mwanangu, ingawa mvi zangu zilizidi zake, au labda zake zilikuwa zimetiwa rangi. Alisimulia kama mtu anayesema jambo la juzi. Waturuki waliondolewa Rhodes na Waitaliano mwaka 1912, muda mrefu kabla hajazaliwa, lakini uchungu wa kufungiwa lango haukungoja kuzaliwa kwake. Alisema bibi yake akipita chini ya lango wakati wa magharibi alikuwa anaharakisha mwendo bila kujua kwa nini.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa sababu ya Lubumbashi.

Miaka michache nyuma nilikuwa katika mji huo wa shaba, kusini mwa Kongo, na mwenyeji wangu alinipitisha mbele ya sinagogi. Sikutarajia kulikuta pale: jengo zuri la mwaka 1930, na kwa muda wote tuliosimama hakuingia mtu wala kutoka mtu. Nikauliza ni la nani. “Bale Bayuda balitokaka ku Rhodes, papa,” akanijibu kwa Kiswahili cha Katanga. Nikadhani amesema Rhodesia, kwa kuwa mpaka wa Zambia uko hapo karibu na zamani upande wa pili uliitwa hivyo. Akacheka. Rhodesia ilipewa jina la mtu, Cecil Rhodes. Yeye alikuwa akisema kisiwa. Watu wa kisiwa kimoja cha bahari ya Kigiriki walikuja kufungua maduka Katanga, na mitaa waliyoiacha ilikuwa ndani ya ukuta wa mawe. Nikaazimia siku moja kwenda kuutazama ukuta huo.

Wasomaji wa Biblia wanakijua kisiwa hicho kwa jina la Rodo, maana mtume Paulo alipita hapo akielekea Yerusalemu. Wengine wamesikia habari za ile sanamu kubwa ya shaba ya mungu jua, urefu wake kama mita 33, iliyoangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 226 kabla ya Kristo baada ya kusimama kwa miaka isiyozidi sitini. Kila duka la Rhodes linauza picha yake ikiwa imetanua miguu juu ya mlango wa bandari, meli zikipita katikati. Haikusimama hivyo. Mafundi wa zama zile wasingeweza kuijenga namna hiyo hata wangetaka. Tuiache.

Ukiujia mji kutoka upande wa kaskazini magharibi, unafika kwenye Lango la d’Amboise, lililokamilika mwaka 1512. Unavuka daraja juu ya handaki, unapita kati ya minara miwili minene kama mapipa, unadhani umeingia. Hujaingia. Njia inapinda, unavuka tena, unapita upenuni mwa ukuta mwingine, kuna lango jingine mbele yako, na muda wote huo kuna matundu juu ya kichwa chako. Leo matundu hayo yana njiwa, na chini ya miti kati ya lango na lango wamekaa wachoraji wanaokuchora uso wako kwa kalamu ya mkaa ukitaka. Nilijaribu kujiweka mahali pa askari wa Kituruki aliyeushambulia mji mwaka 1522 na ngazi begani, nikaona kwamba hata kabla ya kufika hapo angekuwa amekufa mara tatu.

Siku ya pili niliteremka kwenye handaki lenyewe. Watalii wengi hawateremki, na sijui kwa nini, kwa sababu hakuna kiingilio na ndipo mahali pazuri kuliko pote Rhodes. Ni bonde kavu la nyasi lililochongwa katika mwamba, pana kiasi cha kuchezea mpira, na pande zote mbili mawe ya rangi ya asali yanapanda juu. Halikujazwa maji kamwe. Matufe ya mawe yaliyorushwa na mizinga yametapakaa kwenye nyasi, mengine makubwa kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuyaviringisha. Paka hulala juu yake wakati wa jua.

Mzunguko wa kuta ni kama kilomita 4, na mwenye kutembea polepole atausoma kama daftari la fundi. Kwanza utaona minara ya zamani, mirefu na myembamba, ya enzi ambazo adui alikuja na upinde na ngazi. Mbele kidogo ukuta unaanza kushuka na kunenepa, mpaka mahali pengine unafikia unene wa mita 12. Handaki linapanuliwa. Mnara uliosimama peke yake unazungushiwa buruji yenye pembe, iliyojitokeza nje ili walinzi wake waweze kupiga risasi ubavuni mwa ukuta na si mbele tu. Kisa chote hicho ni baruti. Mzinga ukishaweza kuangusha mnara kwa mbali, urefu unageuka kuwa aibu, na afadhali uwe mfupi, mnene, ulioinama.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hayo. Nimekulia hatua chache kutoka Fort Jesus, na nilipoona ule mwinamo wa ukuta, zile pembe, handaki lililokatwa kwenye mwamba, miguu yangu ilijua nilipo kabla ya kichwa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan, aliyekuwa mhandisi wa Wareno. Wajuzi walioitwa kuzirekebisha kuta za Rhodes miaka ya mwisho kabla ya vita vya 1522 nao walitoka Italia. Ni elimu moja ya watu wa nchi moja, na ilikuwa inapita kutoka bahari hadi bahari kama mafundi wa majahazi wanavyopita kutoka Lamu hadi Pemba.

Lakini kuna uhusiano wa karibu kuliko huo, na ili niueleze inabidi kwanza nisimulie vita.

Waliojenga kuta hizi walikuwa watawa. Shirika la Mtakatifu Yohane lilianzishwa Yerusalemu kuwauguza mahujaji, kisha ndugu hao wakavaa deraya na kushika panga bila kuacha nadhiri zao za utawa. Walipofukuzwa Nchi Takatifu walikimbilia Cyprus, na kufikia 1309 walikuwa wameshaiteka Rhodes na kuifanya makao yao. Waligawanywa kwa kile walichokiita ndimi, maana kila kundi lilikuwa na lugha yake: Ufaransa, Provence, Auvergne, Italia, Uingereza, Ujerumani, na wale wa Hispania. Kila ulimi ulikuwa na nyumba yake mjini na kipande chake cha ukuta cha kulinda. Ukitembea handakini leo bado unapita kutoka Ujerumani hadi Auvergne, kutoka Auvergne hadi Hispania, kutoka Hispania hadi Uingereza, katika dakika ishirini.

Walikuwa wauguzi kweli. Hospitali yao, iliyojengwa kati ya 1440 na 1489, sasa ndiyo makumbusho ya mambo ya kale, na ukumbi wake mkubwa wa wagonjwa bado unatia adabu. Walikuwa maharamia pia, na hilo waongozaji wa watalii hulipitia mbiombio. Meli za Waislamu zilizotoka Misri na nafaka, au zilizobeba mahujaji wa kwenda Makka, zilikamatwa, na watu wake wakafanywa watumwa na kutumikishwa makasia. Kwa Waturuki, Rhodes ilikuwa mwiba wa samaki kooni. Walijaribu kuung’oa mwaka 1480 wakashindwa. Kisha mwaka 1517 Sultani Selim akaiteka Misri, na ule mwiba sasa ukawa umekaa katikati kabisa ya njia ya bahari kati ya Istanbul na Iskandaria.

Mwanawe Suleiman alitua kisiwani mwishoni mwa Julai 1522, hajatimiza miaka 28. Wasimulizi wa wakati ule wanataja askari wake kuwa laki moja na zaidi. Ndani ya kuta, watawa hawakuzidi mia saba. Wakihesabiwa na askari wa kukodi na wenyeji walioshika silaha, walinzi wote walikuwa elfu chache. Mkuu wa Shirika alikuwa Mfaransa mzee, Philippe Villiers de L’Isle-Adam.

Mizinga ilipiga, kuta zikastahimili. Basi Waturuki wakaenda chini. Walileta wachimbaji, wakachimba njia chini ya handaki ili wajaze baruti chini ya misingi. Hapo ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki, Gabriele Tadini, mhandisi kutoka Martinengo, aliyetoroka Krete kuja kusaidia. Tadini alizitegesha ngozi zilizowambwa kama ngoma, na juu yake njuga ndogo. Sururu ikigonga huko chini, ngozi inatetemeka, njuga zinalia, naye anajua achimbe wapi kuwakuta wachimbaji na kuwafukuza kwa moto. Vita vyote vya chini kwa chini viliongozwa na sikio lililolazwa juu ya ngoma. Si kila njia aliisikia. Tarehe 4 Septemba mlipuko ulibomoa kipande cha ukuta cha Waingereza, na Waturuki wakafika juu kabla ya kurudishwa. Tadini mwenyewe alipigwa risasi ya jicho, akapona, akaendelea na kazi na jicho moja.

Ilikuwa Desemba mji ulipochoka. Baruti ilikwisha, na wenyeji Wagiriki walimwomba Mkuu akubali masharti. Suleiman naye alikuwa amepoteza watu wengi mno kutaka kuendelea. Aliwaruhusu watawa waondoke na silaha zao, na Januari mosi 1523 wakapanda merikebu. Miaka saba baadaye walipewa Malta. Aliyebaki akalipa ni Mgiriki. Hakuwa ametawala chini ya watawa, na sasa mshindi akamwambia atoke ndani ya kuta.

Sasa uhusiano niliousema. Rhodes ilipoanguka, njia ya Istanbul na Misri ikawa salama. Kutoka Misri Waturuki waliingia Bahari ya Shamu, mwaka 1538 wakaishika Aden, na kutoka pwani ya Yemen wakaanza kuitazama pwani yetu. Miaka ya 1580 nahodha wao Mir Ali Bey alikuja mara mbili na merikebu chache, miji mingi ya Waswahili ikampokea kwa furaha kwa jinsi ilivyowachoka Wareno, na Mombasa ikawa kituo chake. Mwaka 1589 Wareno walimkamata hapo hapo Mombasa. Walipokwisha kumpeleka Lisbon wakakaa wakafikiri, na walichofikiri ni kwamba bila ngome pwani hii itawaponyoka. Miaka minne baadaye Cairati alileta ramani yake. Sisemi kwamba njuga za Tadini zingelia vizuri zaidi Fort Jesus isingejengwa. Nasema tu kwamba niliwahi kupita chini ya ngome hiyo kila siku nikienda shule bila kujua kamba yake imefungwa wapi.

Mtaa unaopigwa picha kuliko yote ni Mtaa wa Watawa, mita 200 za mawe zinazopanda hadi kwenye ikulu ya Mkuu wa Shirika, nyumba za ndimi zikiwa kushoto na kulia na ngao zao ukutani. Ni mzuri, na umekufa. Hakuna nguo iliyoanikwa, hakuna harufu ya kitunguu. Ikulu iliyoko juu ni ajabu ya namna nyingine. Ile ya asili ilikuwa imeshachakaa na kugeuzwa gereza, kisha mwaka 1856 radi ikapiga baruti iliyosahauliwa chini ya kanisa la jirani. Mlipuko uliua mamia ya watu, ukafutilia mbali kanisa na kuiharibu ikulu vibaya. Waitaliano waliijenga upya kati ya 1937 na 1940, kubwa, safi, na sakafu za nakshi walizozing’oa kisiwa cha Kos, ili iwe mahali pa mapumziko ya mfalme wao na Mussolini. Mussolini hakulala humo hata usiku mmoja. Nilizunguka vyumba vyake kwa saa nzima nikiwa na hisia ile ile ninayoipata kwenye hoteli mpya zilizojengwa kwa mtindo wa Lamu: kila tao liko mahali pake, na hakuna aliyewahi kuligonga kichwa.

Nikateremka upande wa pili wa mlima, walikoishi watu.

Hapa vichochoro vinapinda vinavyotaka. Chini ni kokoto za bahari, nyeusi na nyeupe, zimesimamishwa wima na kupangwa maua, na mwenye viatu vya soli nyembamba atazikumbuka. Juu, matao madogo yameruka kutoka ukuta hadi ukuta kuzizuia nyumba zisiangukiane ardhi ikitetemeka, na kwa chini yake kuna kivuli cha kudumu. Baadhi ya nyumba za Kituruki zina roshani za mbao zilizofungwa kwa kimiani, mwanamke aone bila kuonwa. Mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu wao kwa mamia ya maelfu, Rhodes ilikuwa mikononi mwa Italia, kwa hiyo mapatano hayo hayakuigusa. Ndiyo maana Waislamu wenye asili ya Kituruki bado wapo. Msikiti wa Suleiman, wenye kuta za rangi ya waridi, nimeuona kwa nje tu. Mkabala nao kuna maktaba ya Hafiz Ahmed Agha ya mwaka 1793, chumba na ua, na misahafu ya kuandikwa kwa mkono ndani ya makabati ya vioo. Ijumaa niliswali msikiti wa Ibrahim Pasha, uliojengwa 1531. Tulikuwa wachache, wazee wengi. Mmoja aliniuliza nimetoka wapi, nami nikasema Mombasa. Akarudia jina mara mbili akilionja, kisha akaniuliza kama huko nako kuna baridi.

Kutoka hapo ni dakika chache, ukielekea mashariki, hadi mtaa niliokuja kuutafuta. Waliouishi waliuita La Juderia. Sultani alipoutwaa mji alikubali Wayahudi wakae ndani ya kuta, na wengi waliokuja walikuwa kizazi cha wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Walikuja na Kihispania chao. Karne nne walikipikia, walikilalia na kukiapia katikati ya Wagiriki na Waturuki, kikawa lugha yao wenyewe, Ladino. Miaka ya 1920 walikuwa zaidi ya 4,000 hapo.

Lakini mtaa ulikuwa maskini na watoto walikuwa wengi. Tangu miongo ya kwanza ya karne ya 20 vijana walianza kuondoka. Kijana mmoja alipata kazi dukani Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati wa Wabelgiji, akaandika barua, akaja mdogo wake, akaja binamu, akaja shemeji. Wengine walivuka mpaka hadi Rhodesia. Bibi arusi alisafirishwa kwa meli na treni hadi Katanga kwa mwanamume aliyemjua kwa picha. Mwaka 1938 Italia ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, na ambao walikuwa bado wanasitasita wakafunga mizigo. Mmoja wa walioondoka alikuwa Nissim Soriano, aliyekwenda kufanya biashara ya samaki Katanga, akazaa na mwanamke wa huko. Mwana wao ni Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015 na rais wa klabu ya TP Mazembe. Mashabiki wanaojaza uwanja Lubumbashi kwa nyeusi na nyeupe hawana haja ya kujua kwamba ukoo wa baba wa rais wao unaanzia katika kichochoro cha kokoto nyeusi na nyeupe. Mimi nilifurahi kujua.

Waliobaki walikuwa zaidi ya 1,600. Kufikia Julai 1944 kisiwa kilikuwa chini ya Wajerumani. Wanaume waliitwa kuja na vitambulisho vyao, wakazuiwa. Wanawake na watoto wakaambiwa waje na vitu vyao vya thamani. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alikwenda kwa mkuu wa Wajerumani kudai raia wake, kisha akadai na wake zao na waume zao, akisema sheria ya Uturuki inamhesabu mwenzi wa raia kuwa raia. Sheria hiyo haikuwepo. Aliitunga pale pale amesimama, na watu zaidi ya 40 wakaachiwa. Wengine wote, tarehe 23 Julai, walitembezwa hadi bandarini na kupakiwa kwenye mashua za mizigo. Tarehe 16 Agosti walifika Auschwitz. Watu karibu 150 ndio waliotoka hai.

Sinagogi la Kahal Shalom bado liko, la mwaka 1577, la zamani kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Unaingia kwa kupitia mlango wa kichochoroni ambao ungeweza kuupita. Sakafu ni kokoto zile zile. Taa zimening’inia juu ya jukwaa la kusomea lililo katikati, na milango miwili ya upande wa Yerusalemu imefunguka uani, upepo unapita. Siku niliyofika, ndani kulikuwa na familia moja iliyotoka Afrika Kusini: babu, binti yake, na wajukuu wawili waliochoka na jua. Babu alikuwa anatafuta jina kwenye jiwe la kumbukumbu. Tulisalimiana kwa Kiingereza. Niliposema nimetoka Kenya, akanitazama kwa makini, kisha akaniuliza, “Unasema Kiswahili?” Nikasema ndiyo. Akanyamaza akitafuta. Alikuwa amezaliwa Elisabethville, akaondoka na wazazi wake akiwa mtoto, baada ya uhuru, wakati wa vita vya Katanga. Maneno yaliyotoka yalikuwa matatu tu, aliyafundishwa na mwanamke aliyemlea. “Kuya kula, mutoto.”

Wajukuu walicheka kwa kumsikia anasema kitu kisichoeleweka. Binti yake alitoka uani. Mzee aliendelea kupitisha kidole juu ya majina, Alhadeff, Capelouto, Hasson, mpaka akakipata alichokitaka, akaacha kidole hapo.

Jioni ya mwisho nilikaa nje ya nyumba, kwenye kibaraza cha jiwe, na Kiria akaniletea kahawa. Nikamuuliza, katika nyumba za kichochoro chetu, ni ngapi zina watu wa mji. Akaanza kuhesabu kwa mkono: ya kwanza inapangishwa kwa wageni, ya pili inapangishwa, hii ya kona ni ya Mswedi anayekuja mwezi Mei, ile iliyofungwa ina kesi ya urithi, ile ni hoteli. Yeye mwenyewe analala chumba cha nyuma cha nyumba yake, kwa sababu vya mbele vinalipiwa. Binti yake na mumewe wanakaa mji mpya, kuna maegesho ya gari na shule ya watoto iko karibu. “Hapa ni pazuri,” akasema, “lakini jokofu halipiti mlangoni.”

Karibu na saa sita za usiku nilitembea hadi Mtaa wa Sokratous, ule wa maduka. Watalii wa meli walikuwa wameshaondoka zamani. Wenye maduka walikuwa wanaingiza ndani viatu vya ngozi, sabuni za mafuta ya zeituni na ile sanamu yenye miguu iliyotanuka, wanateremsha vyuma, wanafunga kufuli. Mmoja mmoja waliwasha pikipiki zao ndogo. Niliwafuata kwa miguu hadi langoni, nikasimama pembeni ya ukuta wapite. Walivuka daraja juu ya handaki wakaenda zao nyumbani. Lango lilibaki wazi. Mimi nilikuwa na ufunguo wa chumba mfukoni, na nikarudi ndani.